Hedifoni za HD 600 na sauti ya binadamu: jibu kwa msomaji

Msomaji mmoja ameniuliza swali ambalo nitalifupisha hivi. Aliazima kwa rafiki yake hedifoni za Sennheiser HD 600, akazisikiliza kwa juma zima. Siku ya kwanza aliona besi yake ni haba, kelele za nje zinaingia bila kizuizi, na simu yake inaziendesha kwa shida. Siku ya saba, alipozirudisha na kurejea kwenye hedifoni zake za kawaida zilizofungwa, waimbaji wale wale walimsikikia kama watu wanaoimba ndani ya debe. Anataka kujua kama masikio yake yalidanganywa na sifa alizokwisha kuzisoma, au kama kweli kuna jambo ndani ya hedifoni hizi linaloeleza kwa nini zimeendelea kupendwa tangu zilipotoka mwaka 1997. Na kama jambo hilo lipo, je, azinunue?

Ndugu msomaji, masikio yako hayakudanganywa. Uliyoyasikia siku ya kwanza ni kweli, na uliyoyasikia siku ya saba ni kweli vilevile, kwa kuwa karibu yote yanatokana na uamuzi mmoja wa waliozibuni, wa kuziacha wazi upande wa nyuma. Nimezitumia hedifoni hizi kwa miaka mingi katika kazi ya kuhariri rekodi za sauti, na maoni yangu ni kwamba zinapendwa kwanza kabisa kwa sababu zinaitendea haki sauti ya binadamu. Sifa nyingine zote unazozisoma kuzihusu, nyingi zikiwa za kweli na chache zikiwa zimetiwa chumvi, zinafuata nyuma ya hiyo.

Tuanze na uwazi wake. Ndani ya kila upande wa hedifoni kuna spika ndogo, yaani utando mwembamba ulioshikamana na koili, na koili hiyo imekaa katikati ya nguvu ya sumaku. Umeme wa muziki unapopita kwenye koili, utando husukumwa mbele na kuvutwa nyuma. Watu wengi hufikiria tu sauti inayokwenda sikioni, lakini utando unaposukuma hewa ya mbele huivuta pia hewa ya nyuma, kwa hiyo sauti nyingi kama ile inayokufikia huelekea upande usio na sikio. Katika hedifoni zilizofungwa, sauti hiyo ya nyuma hukutana na ukuta wa plastiki au wa mbao ulio umbali wa sentimita chache tu, ikagonga, ikarudi, ikaupenya ule utando ulio mwembamba kuliko karatasi, na kumfikia msikilizaji ikiwa imechelewa kwa sehemu ndogo ya milisekunde. Kuchelewa huko ni kufupi mno kusikika kama mwangwi. Husikika kama badiliko la sauti yenyewe: baadhi ya noti huvimba, nyingine hunywea, na koo la mwimbaji hupata mlio usio wake. Hilo ndilo debe ulilolisikia. Mafundi hulipunguza kwa kujaza sponji na sufi nyuma ya spika, na zipo hedifoni zilizofungwa ambazo zimefanikiwa sana katika hilo, lakini ni kazi ngumu kwa sababu nafasi ni ndogo. Katika HD 600 ukuta huo haupo. Nyuma ya spika kuna wavu wa chuma, na sauti ya nyuma hupita hapo ikaenda zake.

Wazo hili halikuanza na HD 600. Kampuni ya Sennheiser iliyoanzishwa mwaka 1945 huko Wennebostel, karibu na mji wa Hannover nchini Ujerumani, ilitoa hedifoni za HD 414 mwaka 1968, zile nyepesi zenye sponji za manjano ambazo wazee wa fani hii wanazikumbuka, na ndizo zilizoufanya muundo wa wazi ujulikane duniani. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba hedifoni nzuri ni lazima iwe nzito na iliyozibwa vizuri kuzunguka sikio. Umbo unalolijua wewe lilikuja baadaye kupitia HD 580 za mwanzoni mwa miaka ya 1990, likaboreshwa mwaka 1995 kwa toleo la kuadhimisha miaka 50 ya kampuni, kisha likawa HD 600 mwaka 1997 na HD 650 mwaka 2003. Nalitaja hili ili uone kwamba hedifoni ulizoazima zilijengwa juu ya karibu miaka 30 ya kurekebisha wazo lile lile, na mafundi waliozibuni walijua vizuri walichokuwa wanakiacha.

Walichokiacha ni besi ya chini kabisa. Mawimbi ya sauti nzito ni marefu, na panapokuwa na njia ya wazi kati ya mbele na nyuma ya utando, hewa inayosukumwa huku hujaza pengo la hewa inayovutwa kule, na nguvu zinapotea kabla ya kufika sikioni. Sauti ya HD 600 huanza kushuka taratibu chini ya hezi 100 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na idadi ikiwa ndogo sauti huwa nzito), na kufikia hezi 40 imepungua kiasi cha kutambulika na mtu yeyote. Uzi mzito zaidi wa gitaa la besi hutoa hezi 41, na noti ya mwisho kushoto mwa piano ni hezi 27.5, hivyo ni dhahiri kwamba kuna muziki unaopunguzwa. Hata hivyo, noti ya gitaa la besi haiji peke yake. Pamoja na hezi 41 huja 82, 123, 164 na kuendelea, na ubongo wetu una kipaji cha kuzisikia hizo za juu na kuitambua noti ya chini hata ikiwa dhaifu. Simu za zamani zilipitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu, ilhali sauti ya msingi ya mwanamume anayezungumza kwa kawaida iko kati ya hezi 85 na 180, na bado hakuna aliyemsikia baba yake kwenye simu akadhani ni mtoto. Kwa sababu hiyo katika HD 600 unaufuata mstari wa besi bila taabu, unajua mpigaji anapiga noti gani na anaiachia lini, lakini huupati ule mtikisiko wa kifuani. Kwa mtu anayesikiliza zaidi muziki wa kielektroniki, ambao mtikisiko ndio nusu ya raha yake, huu ni upungufu wa kweli na sitajaribu kuupamba.

Ila angalia upungufu huo unapoanzia. Nimetaja sauti ya mwanamume. Ya mwanamke huanza takriban hezi 165 na kupanda. Yaani hedifoni hizi huanza kulegea karibu na pale ambapo koo la binadamu linaishia, na kutoka hapo kwenda juu, kwa oktavu nne au tano (oktavu moja ni hezi kuongezeka mara mbili), zimenyooka, yaani hazipandishi wala kushusha sehemu ya sauti isivyostahili, kwa namna ambayo hata leo si rahisi kuipata.

Kunyooka huko kunahitaji maelezo, maana neno lenyewe linapotosha. Mtu akisimama mbele yako akaimba, sauti haifiki kwenye kiwambo cha sikio kama ilivyotoka kinywani. Inapinda kuzunguka kichwa, inagusa mabega, inazungushwa na mikunjo ya sikio la nje, kisha inaingia katika tundu la sikio, ambalo kwa mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 2.5 na limezibwa upande mmoja na kiwambo. Tundu hilo hufanya kazi kama filimbi: lina noti yake, na noti hiyo iko karibu na hezi 3,000. Matokeo ni kwamba kila sauti unayoisikia tangu uzaliwe imeongezwa nguvu katika eneo hilo, kwa zaidi ya desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na ubongo umekwisha kuizoea nyongeza hiyo kiasi cha kuihesabu kuwa ndiyo hali ya kawaida. Hedifoni inakaa juu ya sikio, inaruka sehemu kubwa ya safari hiyo, na kwa hiyo mtengenezaji hana budi kuirudisha nyongeza kwa makusudi. Akiiweka ndogo, mwimbaji husikika kama yuko nyuma ya pazia zito. Akiizidisha, mwimbaji huonekana anampigia msikilizaji kelele usoni. Akiiweka mahali pasipo pake, kwa mfano karibu na hezi 5,000 badala ya 3,000, sauti ya mwanamke hukonda na violini huwa na makali kama ya bati.

Huo ndio ufundi wa HD 600, na ndiyo maana nasema siri haiko katika uwazi peke yake; zipo hedifoni za wazi ambazo zimekosea hapa na hazifai kusikilizia sauti ya mtu hata kidogo. Nyongeza yake ya hezi 3,000 iko karibu mno na ile ambayo sikio hujitengenezea lenyewe. Katika miaka ya 1980 mtafiti Mjerumani Günther Theile alieleza kwa kina ni mwitikio gani, yaani kiasi gani cha nguvu kwa kila masafa, hedifoni za studio zinapaswa kuwa nao ili sauti ionekane ya asili, na miongo miwili na zaidi baadaye watafiti Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman waliwaketisha wasikilizaji wengi, wazoefu na wasio wazoefu, wakawachagulisha bila kuwaambia wanasikiliza nini. Wengi walipendelea hedifoni zinazosikika kama spika nzuri zilizowekwa katika chumba kizuri. Ukiulinganisha mwitikio wa HD 600 na ule uliopendelewa, utaona kwamba katika masafa ya kati mistari miwili inakwenda pamoja kwa ukaribu wa kushangaza kwa kifaa kilichobuniwa miaka mingi kabla ya majaribio hayo, na kwamba tofauti kubwa iko pale tulipokwisha kupataja, kwenye besi, ambako wasikilizaji wale walitaka zaidi.

Kuna eneo moja zaidi linalostahili kutajwa, ingawa halizungumzwi sana. Herufi kama s, sh na ch zina nguvu nyingi kati ya hezi 5,000 na 9,000. Hedifoni nyingi huinua eneo hilo ili zionekane kuwa na uwazi wa kuvutia dakika za kwanza dukani, na huo ndio mtego, kwa sababu baada ya nusu saa kila s inakuwa sindano. HD 600 hazina kilele kikubwa hapo. Ukimsikiliza msimulizi wa kitabu kwa saa tatu mfululizo, jambo ambalo mimi hulifanya kikazi mara kwa mara, unamaliza ukiwa umechoka mgongo kabla ya masikio. HD 650 zimepunguza kidogo zaidi upande huu wa juu na kuongeza kidogo upande wa chini, kile ambacho wapenzi wa sauti hukiita joto, na ndiyo sababu baadhi ya watu huziona kuwa tulivu zaidi. Mimi nachagua HD 600 kwa sauti ya mtu, lakini tofauti ni ndogo, na anayechagua nyingine hajakosea.

Sasa juu ya siku ya kwanza na siku ya saba. Utawasikia watu wakisema kwamba hedifoni mpya zinahitaji kuchezwa kwa mamia ya saa ndipo spika zake zilainike. Hedifoni ulizoazima zilikuwa za zamani, hivyo maelezo hayo hayawezi kukuhusu, na bado uliona badiliko. Kilichobadilika ni kipimo ulichonacho kichwani. Ulifika ukiwa umezoea hedifoni zenye besi iliyoinuliwa, na kwa kipimo hicho HD 600 zilionekana zimepungukiwa. Kila siku iliyopita ubongo uliacha kuitarajia nyongeza ile ya besi na kuanza kutambua iliyokuwa inafunikwa: pumzi ya mwimbaji kabla ya mstari, ulimi unaogusa meno, tofauti ya alto mmoja na mwenzake katika kwaya. Sauti nzito zikizidi huzifunika zilizo juu yake, na hili ni tabia ya sikio lenyewe wala si la kifaa. Uliporudi kwenye hedifoni zako, ulirudi na kipimo kipya. Ukiendelea kuzitumia zako kwa juma jingine, nadhani debe litafifia tena. Hilo halimaanishi kwamba hedifoni zote ni sawa na mazoea ndiyo yanayoamua, kwa sababu mazoea huweza kulifidia badiliko pana na la taratibu, kama besi kuwa nyingi au chache, lakini hulifidia kwa shida pengo jembamba na la ghafla ambalo mwangwi wa ndani huliacha katikati ya sauti.

Sifa moja ninayoona imetiwa chumvi ni ile ya upana. Huambiwa kwamba hedifoni za wazi humfanya mtu ajione ameketi katika ukumbi mkubwa. Kwa baadhi ya hedifoni hilo lina ukweli fulani, hasa zile ambazo spika zake ni kubwa, ziko mbali na sikio na zimeelekezwa kwa pembe, kama HD 800 za mwaka 2009. HD 600 haziko hivyo. Spika yake iko karibu, na mwimbaji husimama karibu pia, pengine ndani ya paji la uso, huku vyombo vikiwa vimekaa kulia na kushoto. Ulichohisi kuwa nafasi nadhani ni kule kukosekana kwa hisia ya kuzibwa: unasikia chumba ulichomo, unasikia sauti yako mwenyewe ukiitika, hewa haijakubana. Hisia hiyo ni ya thamani, lakini ukinunua HD 600 kwa kutarajia ukumbi utasikitika.

Kuhusu simu yako. Koili ya HD 600 ina impidansi, yaani ukinzani kwa umeme wa muziki, ya omu 300, ambayo ni kubwa ukilinganisha na hedifoni za simu zenye omu 16 au 32. Mtengenezaji anataja desibeli 97 kwa volti 1. Simu ndogo yenye uwezo wa nusu volti itafika takriban desibeli 91, kiwango kinachotosha kwa muziki ambao umerekodiwa kwa nguvu tangu mwanzo hadi mwisho, lakini hakitoshi kwa okestra au kwaya ambayo sehemu zake za utulivu zina sauti ndogo sana. Ili vilele vya muziki vifike desibeli 110 bila kukatwa unahitaji volti 4.5 hivi, ambazo kwa omu 300 ni miliwati 67 tu. Basi usikubali kuambiwa kwamba hedifoni hizi zinadai amplifaya ya gharama kubwa. Zinadai volti, na amplifaya ndogo iliyobuniwa kwa uangalifu inazitoa bila kutoka jasho. Wapenzi wa amplifaya za valvu, zile za mtindo wa zamani zenye mirija ya kioo, nao wana sababu yao. Impidansi ya HD 600 hupanda kupita omu 500 karibu na hezi 90, na amplifaya yenye ukinzani wa ndani wa omu 100 huinua eneo hilo kwa karibu desibeli 1 kuliko eneo la omu 300. Wanaosema valvu inazipa HD 600 joto wanasikia jambo linalopimika, ingawa ni dogo, na anayetaka joto zaidi ya hapo atalipata kwa uhakika akiinua masafa yaliyo chini ya hezi 100 kwa desibeli 4 au 5 katika programu ya kusawazisha sauti. Asizidishe hapo, kwa kuwa utando huu haukuundwa kusukuma besi nyingi na utaanza kukwaruza.

Juu ya uzito na ukaaji sina mengi ya kusema. Zina gramu 260 hivi, mito yake ya mahameli inalizunguka sikio bila kuligusa, na zikiwa mpya hubana kichwa kuliko inavyopendeza hadi zilegee. Jambo ninalolithamini zaidi ni kwamba kila kitu kinachochakaa kinaondolewa kwa mkono, waya, mito, wavu na sponji ya kichwani, na vipuri vinapatikana hadi leo kwa kifaa kilichotoka mwaka 1997. Mito usiichukulie kama urembo. Inapobonyea, spika husogea karibu na sikio na sauti hubadilika, na nimewahi kukutana na mtu aliyeuza HD 600 zake akidhani zimeharibika wakati alichohitaji ni mito mipya.

Je, uzinunue? Jibu langu linategemea mahali utakapoketi. Kila anayekuwa nawe chumbani atasikia unachosikiliza, nawe utamsikia yeye, na hakuna amplifaya itakayoliondoa hilo. Mahali penye kelele hazifai kabisa, si kwa sababu ya raha tu bali kwa usalama, kwani utapandisha sauti ili kuzishinda kelele, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ila kama unacho chumba tulivu, na kama ulichokipenda juma lile ni waimbaji kama ulivyoniandikia, basi ziazime tena jioni moja kabla ya kutoa fedha. Chagua rekodi ya mwimbaji mmoja asiyesindikizwa na chombo chochote, ambaye sauti yake umewahi kuisikia ana kwa ana ikiwezekana, uisikilize kwa HD 600 kisha kwa hedifoni zako, ukizisawazisha ziwe na nguvu sawa, kwa sababu iliyo juu kidogo hushinda siku zote hata kama haistahili. Ukimtambua mtu yule kwa haraka zaidi katika HD 600, zinunue pamoja na amplifaya ndogo. Usipoona tofauti, baki na ulizonazo.